Miezi 14 na bado anashika kochi: je, amechelewa kutembea?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Ngaramtoni, Arusha. Binti yangu ana miezi 14 na kilo 9. Alizaliwa na kilo 3.1. Anatambaa, anazunguka kochi kwa kushikilia, lakini akiachia anasimama dede kidogo kisha anakaa. Pia ana matege. Mama mkwe anasema namdekeza kwa kumbeba, wifi anataka tununue kigari cha kutembelea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Kwa ulivyoeleza, hajachelewa. Shirika la Afya Duniani lilipofuatilia watoto wenye afya katika nchi 5, Ghana ikiwamo, lilikuta wengine wanatembea peke yao wakiwa na miezi 8 na wengine karibu 18. Uzito wake nao ni mzuri: ni karibu mara tatu ya ule wa kuzaliwa.

Kuliko kuhesabu miezi, mwangalie akiwa kwenye kochi. Weka kijiko sakafuni karibu na mguu wake. Akishikilia kwa mkono mmoja, akakunja magoti, akakiokota na kuinuka tena, basi mapaja, nyonga na mizani ya mwili vinafanya kazi. Jaribu upande wa pili pia. Akiburuta mguu mmoja, au akitumia mkono uleule kila mara, mlete tumwone.

Kigari msinunue, tafadhali. Mtoto anasukumia vidole huku amening'inia, hajifunzi kujishikilia, na anafika kwenye jiko la mkaa au ngazi kabla hujageuka. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Kumbeba hakujamharibu, ila najua baridi ya huku mwezi Juni na Julai: mtoto anashinda mgongoni, masweta matatu na blanketi, sakafu haigusi. Tandika mkeka, mvue viatu ndani, umwache ahangaike. Jua likiwaka mtoe nje, mikono na miguu ikiwa wazi, maana mifupa inahitaji vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua.

Sasa matege. Chini ya miaka 2 ni kawaida, na mengi hunyooka yenyewe. Mlaze chali, vifundo vya miguu vigusane, upime nafasi kati ya magoti. Ikizidi sentimita 6, ikiongezeka badala ya kupungua, mguu mmoja ukipinda kuliko mwenzake, au vifundo vya mikono vikionekana vinene pale mkono unapokutana na kiganja, apigwe picha na apimwe damu.

Kwa wakazi wa kuzunguka Mlima Meru naongeza swali moja: mnakunywa maji gani? Vyanzo vingi huku vina madini ya floraidi kupita kikomo kinachopendekezwa cha miligramu 1.5 kwa lita, nayo ikizidi kwa muda mrefu huharibu meno na mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, floraidi inazidi kukolea. Tumieni maji ya mvua au yaliyopimwa, na magadi, ambayo nayo huwa na floraidi, msitie kwenye maharage ya mtoto.

Kliniki ijayo mwombe muuguzi apime urefu pia, si uzito peke yake. Akifika miezi 18 hajatembea, au wakati wowote akiacha jambo alilokuwa akiliweza, msingoje tarehe ya kadi.