Kuhamia Ujerumani na familia: piga hesabu ya mwaka kwanza, ya mwezi utaipata humo humo

Tangu turudi Kigoma watu hawaishi kuniuliza swali moja, eti kule Ujerumani familia ya watu wanne kwa mwezi inakula shingapi. Anayeuliza mara nyingi ameshapata barua yake, ya masomo au ya kazi ya unesi, anataka kuondoka na mama watoto au na mzee wake pamoja na watoto, na anachotaka nimtajie namba moja tu akaibadilishe kwa shilingi alale usingizi. Namba hiyo sina jamani. Nnachoweza kukupa ni namna ya kuitafuta, maana kule kuna hela inatoka kila mwezi, kuna inatoka kila miezi mitatu, kuna inayokuja kudaiwa mara moja kwa mwaka kwa barua, ukipiga ya mwezi peke yake utashangaa hesabu ilikaa vizuri kwenye daftari ila akaunti inasoma sifuri. Kwahiyo piga mwaka mzima halafu gawa kwa 12, na miezi mitatu ya kwanza itoe pembeni kabisa, hiyo ina bajeti yake.

Kwanza tumalizane na hii 992. Mwanafunzi akiomba viza anatakiwa aonyeshe euro 11,904 kwa mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, ndo hizo euro 992 zinazoachiwa kila mwezi, sasa watu wanaichukua kama ndo gharama ya maisha. Ile ni ya kichwa kimoja, kijana anayelala chumba kimoja na jiko anashea na wenzake. Wewe wenye watoto wawili huwezi kuizidisha kwa nne na huwezi kuiacha ilivyo, kwa sababu kodi ya nyumba haiendi kwa vichwa ila chakula kinaenda, nguo zinaenda, na bima inategemea (nakuja huko).

Kodi ndo mchezo wote ulipo. Hapa Mwanga au Katubuka mwenye nyumba akikwambia laki mbili ni laki mbili, unamlipa miezi sita, LUKU unajinunulia, maji bili inakuja, yamekwisha. Kule tangazo linakuwa na bei mbili, ya kwanza imeandikwa Kaltmiete, hiyo ni nyumba tupu, halafu kuna Warmmiete ambayo wameongeza maji, takataka, usafi wa ngazi na mara nyingi joto la kupashia nyumba. Wengi wanaona ile ndogo wanaifurahia. Wewe soma kubwa, na ukishaisoma ujue umeme kwa kawaida haumo hata humo, unaingia mkataba mwenyewe na kampuni ya umeme. Sisi tulikua mji wa kati, sio mkubwa sana, vyumba viwili vya kulala na sebule tukawa tunalipa kama euro 1,000 na kidogo pamoja na joto. München usiitumie hata kwa mfano, huko nyumba kama hiyo inaweza ikaenda karibu mara mbili, na kuna miji ya mashariki utapata chini ya hapo. Uliza mji wako, sio nchi.

Sasa zile za maji na joto unazolipa kila mwezi ni makadirio tu, mwisho wa mwaka wanapiga hesabu ya ulichotumia kweli, ukizidisha inakuja barua ulipe tofauti, ukitumia kidogo wanakurudishia, na umeme ni hivyo hivyo. Mtu aliyezoea LUKU hii inamchanganya sana kwa sababu LUKU ina heshima yake, yuniti zikiisha giza, unajua umefika mwisho. Kule hakuna giza, unaendelea kuwasha na deni linajijenga kimya kimya, na mwenye nyumba ana mpaka miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kuisha ndo akuletee karatasi yake, kwahiyo baridi ya mwaka huu unaweza kuilipia mwakani kiangazi. Tenga euro 40 mpaka 60 kila mwezi usiziguse, ziite za barua.

Na hapo kwenye joto nikuonyeshe kitu maana ndo hela inapotokea. Chini ya dirisha kuna hita ya chuma, pembeni ina kitu cha kuzungusha chenye namba 1 mpaka 5. Mtoto wa Kigoma akitua Novemba anapeleka 5 anaiacha hapo, akiona chumba kizito analaza dirisha kwa juu lipitishe hewa kidogo siku nzima, sasa hapo unapasha joto barabara na wanaopita. Namba 3 ni kama nyuzi 20, sweta juu, soksi, inatosha kabisa. Hewa unaingiza hivi, unazima hita, unafungua dirisha lote wazi dakika tano, unafunga, unawasha. Usipofungua kabisa nako ukuta unaota ukungu na mwenye nyumba atakudai wewe.

Tuje kwenye miezi mitatu ya kwanza. Kuna amana ya nyumba, sheria inasema isizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na sheria hiyo hiyo inakuruhusu ulipe kwa mafungu matatu, hii wengi hawaambiwi wanakopa kwa shemeji walipe zote siku moja. Halafu jiandae kisaikolojia, nyumba nyingi zinakuja hazina jiko, yani chumba cha jiko kipo ila sinki hakuna, kabati hakuna, na juu darini nyaya tatu zinaning'inia pa kufunga taa. Ukibahatika mpangaji anayetoka anakuuzia jiko lake, mkielewana bei chukua. Usipobahatika nunua vya mtumba, vipo vingi mtandaoni na kuna maduka ya misaada, vitanda, meza, mashine ya kufulia, vingine watu wanagawa bure mradi ukabebe mwenyewe, na hapo ndo utajua thamani ya kuwa na rafiki mwenye gari. Kwa watu wanne kuanzia sifuri mimi natenga 1,500 mpaka 2,500 mbali na amana, na hapo sijaweka viza, 75 mtu mzima na 37.50 mtoto, nauli zenu za kwenda na kukaa Dar kushughulikia ubalozi, na kibali cha kuishi mkishafika ambacho kinafika kama 100 kwa mtu mzima. Hela hii iwe mkononi kabla ya kupanda ndege, usiipangie kutoka kwenye mshahara.

Kwa nini usiipangie mshahara? Kwanza mshahara ulioandikwa kwenye mkataba sio utakaoshika, kuna kodi ya serikali, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi, usipige hesabu na ile namba ya juu hata siku moja. Pili, ndani ya wiki mbili za kuhamia unatakiwa ukajiandikishe ofisi ya mji, ndipo namba yako ya kodi inakuja kwa posta, na isipowahi kufika kwa mwajiri unakatwa kwa daraja la juu kabisa. Zinarudi baadae, ila mwezi wenyewe utakuwa umeshauona.

Bima ya afya ina habari nzuri kidogo. Ukiwa kwenye bima ya umma, mwenza asiye na kipato na watoto wanaingia humo humo bila kuongeza senti. Ukiingia ya binafsi kila kichwa kina bei yake. Kuna watu wanaona ya binafsi ni nafuu kwa sababu wameiangalia wakiwa peke yao, familia ikifika ndo wanakuna kichwa.

Shule za serikali hazina ada. Chekechea inategemea jimbo na mji, Berlin ni bure, kwingine wanaangalia kipato, na chakula cha mchana mara nyingi unalipia hata ada isipokuwepo. Kuna hela ya watoto ya serikali, Kindergeld, euro 255 kwa mtoto kwa mwezi mwaka 2025 na 259 kuanzia 2026, inategemea aina ya kibali chako, wafanyakazi wengi wanapata, wanafunzi wengi hawapati. Omba mapema maana wanalipa nyuma miezi sita tu, ila kwenye bajeti usiiandike mpaka barua ya kukubaliwa iwe mezani.

Vidogo vidogo: ada ya redio na TV 18.36 kwa nyumba kila mwezi, uwe na TV usiwe nayo, na wanaikusanya kwa miezi mitatu. Tiketi ya usafiri wa nchi nzima 63 kwa mwezi tangu Januari 2026, watoto chini ya miaka sita hawalipi. Simu usisaini mkataba wa miaka miwili wiki ya kwanza, nunua laini ya kuongeza salio.

Chakula sisi tulienda 550 mpaka 650, tukipika nyumbani na kununua maduka ya bei chee. Kuku, maziwa, mayai, mchele, hapo hauumii. Unaumia ukitaka kula kama uko Kibirizi, mawese na dagaa vinapatikana duka la Waafrika ila bei imechangamka. Dagaa wakavu beba, samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa mtu, nyama na maziwa ndo usijaribu, watakunyang'anya uwanja wa ndege. Na kule hakuna daftari la mangi, tarehe 25 ikikukuta umeishiwa umeishiwa.

Halafu kuna mstari ambao hakuna bajeti ya mtandaoni inayouweka, hela ya nyumbani. Mama, ada ya mdogo wako, msiba, harusi, mtu kalazwa Maweni. Ukisema utatuma kitakachobaki hakuna kitakachobaki, na usipotuma simu haitalala, maana kwa mtu wa huku wewe uko Ulaya basi. Kaeni mama na baba kabla ya safari mkubaliane kiasi, cha upande huu na upande ule, kiandikwe kama kodi inavyoandikwa, na ndugu waambiwe mapema kwamba miezi sita ya kwanza hakuna kitu. Mtanuniwa kidogo, ni sawa.

Na siku ya kurudi au kuhama mji nayo ina gharama, notisi ya nyumba ni miezi mitatu, kwahiyo ukichelewa kuandika barua unalipa nyumba mbili. Amana hairudishwi siku unayokabidhi funguo, mwenye nyumba anaweza kukaa nayo miezi kadhaa akisubiri hesabu ya mwisho ya joto na maji, sasa usifunge akaunti ya benki ya kule mpaka iingie, na anwani yako ya huku umwachie kwa maandishi.