Mama katolewa goita, mbona shingo inamuuma kwa nyuma?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, wiki tatu zilizopita alitolewa goita. Kidonda kimekauka vizuri tu ila shingo kwa nyuma mpaka mabegani imekaza, ukimwita anageuka mwili mzima kama kafungwa ubao mgongoni. Analalia mito mitatu. Jirani anasema tumkande na maji ya moto, mimi nawaza fiziotherapia, yale matibabu ya mazoezi ya viungo, ila naogopa mshono utafumuka. Nifanyeje? (Binti yake)

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali hili naletewa sana, kakatwa mbele anaumwa nyuma, inakuwaje? Ni hivi, pale mezani ili tezi ya shingo iliyovimba, ndiyo goita yenyewe, ifikike vizuri mgonjwa anawekewa mto chini ya mabega, kichwa kinalala kwa nyuma, na anakaa hivyo operesheni nzima. Shingo ya miaka 68 ambayo pingili zake huenda zishaanza kulika lazima inune. Halafu akiamka anaogopa mshono, anainamisha kidevu na kupandisha mabega usiku na mchana, basi misuli inakaza kama kamba. Wiki ya tatu hii huo woga naushuku kuliko kisu.

Mshono uliokwisha kukauka haufumuki kwa kugeuza kichwa taratibu. Muulize tu aliyempasua kama ameridhika na kidonda, kisha mpeleke fiziotherapia. Wakati mnasubiri akae kwenye kiti chenye mgongo, ashushe mabega, atazame kulia kwa macho kwanza ndio kichwa kifuate, akifika panapoanza kuvuta atulie hapo, ahesabu mpaka tano, arudi, kisha kushoto. Halafu sikio lielekee begani, na mabega ayazungushe kwa nyuma. Mara tano tano, asubuhi mchana na jioni yatosha. Kurusha kichwa nyuma au kukizungusha duara, hapana, umri huo kizunguzungu na kuanguka ni karibu sana, na mifupa ya wanawake baada ya kukoma hedhi huwa inapungua nguvu. Mtu wa kumvunjavunja shingo mpaka ilie ko, msimruhusu kabisa!

Mito abaki na mmoja, ushike kichwa na shingo. Taulo ya uvuguvugu iwekwe nyuma kwenye misuli tu, maana ngozi ya karibu na kovu mara nyingi ina ganzi, ataungua bila kujua, kwa hiyo jirani mshukuruni ila maji yake ya moto yasifike mbele.

Mwangalie pia akimeza mate. Ngozi ya kovu ikipanda pamoja na koo ujue imeng'ang'ania kwa ndani, hapo mtaalamu atamfundisha kulisugua kwa ncha ya kidole, polepole.

Ila kuna mambo si ya mazoezi. Akisikia kama sindano sindano kwenye midomo na vidole, au misuli inakakamaa, huenda kalsiamu imeshuka, akapimwe damu siku hiyohiyo. Shingo ikivimba, pumzi ikawa ya shida, mkimbizeni hospitali. Mkono ukipoteza nguvu au bega likalegea asiweze kuinua mkono, daktari amwone kabla ya zoezi lolote. Na kama anameza kalsiamu na kidonge cha homoni ya tezi asivimeze pamoja, vipishane kama masaa manne, kalsiamu inazuia homoni isiingie mwilini vizuri.