Mama mwenye umri mdogo naye anahitaji kushikwa mkono

Umeandika kwamba kuwasaidia mabinti wanaolea peke yao ni kuwachochea wengine wazae mapema. Sikubaliani, na inaniuma kusoma hivyo. Huyo binti tayari ana mtoto mkononi. Kumnyima msaada hakurudishi siku nyuma. Anayeadhibiwa ni mtoto.

Tuanze na mwili. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mama wa miaka 10 hadi 19 wamo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wa miaka 20 hadi 24. Akishavuka hapo, linakuja suala la shule. Mara nyingi kinachomzuia kurudi si uvivu, ni swali moja tu: mtoto abaki na nani? Ndiyo maana naona kituo cha kulelea watoto mchana, cha bei nafuu na kilicho karibu na shule, kinamfaa kuliko fedha za mara moja (ingawa fedha nazo anazihitaji, dawa ya mtoto haingoji).

Halafu mbona baba hatajwi? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 27, unazitaka nchi zihakikishe wazazi wanatoa matunzo, hata wakiwa nje ya nchi. Basi serikali iyafuatilie yenyewe, isimwachie binti wa miaka 17 azunguke mahakamani na mtoto mgongoni.