Kuchagua uzito wa oili kwa pikapu zinazozima silinda

Waswahili wenzangu wengi hapa Texas wanaonunua pikapu zilizotumika huniuliza swali lilelile: waendelee na oili ya 0W-20 iliyoandikwa kwenye kifuniko cha injini, au wahamie 5W-30 ili kuzinusuru tapeti, yaani vyuma vidogo vinavyopokea msukumo wa kemshafti ili kufungua valvu? (Namba iliyo kabla ya W ni ya oili ikiwa baridi, ya mwisho ni ya oili ikiwa moto, na ndogo ndiyo nyepesi.) Kwa miaka mingi nimekuwa nikiendesha na kuhudumia kwa mikono yangu pikapu za Chevrolet Silverado zenye injini ya lita 5.3, na msimamo wangu ni kwamba uanze na kitabu cha gari, na ukiamua kupanda, upande daraja moja tu, kwa sababu unayoweza kuitaja waziwazi. Tena usiutegemee uzito wa oili ufanye kazi ambayo kwa kweli ni ya usafi wa oili na wingi wake ndani ya injini.

Ni vizuri kwanza kuelewa oili inafanya nini humo. Katika injini za V8 za General Motors, watengenezaji wa Chevrolet, zenye mfumo wa Active Fuel Management, gari likiwa linatembea bila mzigo mkubwa, kompyuta huzima silinda namba 1, 4, 6 na 7 ili kuokoa petroli. Tapeti za silinda hizo zina pini ndogo za kufungia, na juu ya bonde lililo kati ya safu mbili za silinda kuna bamba lenye solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme. Solenoidi inapofunguka, oili yenye presha huzisukuma pini ndani, na tangu hapo tapeti hupanda na kushuka bila kuisukuma fimbo ya valvu, kwa hiyo valvu hubaki zimefungwa. Yote haya hufanyika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Katika mfumo mpya wa Dynamic Fuel Management, ulioingia na Silverado ya mwaka 2019, tapeti zote 16 zinaweza kuzimwa, kwa mipangilio 17 tofauti. Oili humo inalainisha vyuma na pia ndiyo mkono unaozisogeza pini, ndiyo maana presha yake, mnato wake, uchafu wake na hata mapovu yake vina uzito kuliko katika injini ya kawaida.

Kutokana na hilo, wengi huamini kwamba mfumo wa kuzima silinda haufanyi kazi ila kwa oili nyepesi. Kitabu cha pikapu ya Ram 1500, ya kampuni nyingine, yenye injini ya Hemi ya lita 5.7 kinawaunga mkono, kwa sababu kinasema ni lazima kutumia 5W-20, la sivyo mfumo huo unaweza usifanye kazi ipasavyo. Hata hivyo, injini za lita 5.3 za General Motors za miaka ya 2007 hadi 2013 zilikuwa na mfumo huohuo na ziliandikiwa 5W-30. 0W-20 ilikuja na kizazi cha mwaka 2014. Nayo Hemi ya lita 6.4 inayofungwa kwenye Ram 2500 huzima silinda zake huku ikitumia 0W-40. Kwa hiyo kila mfumo umepimwa na kupangwa kwa oili yake, na kuzima silinda peke yake hakudai oili nyepesi. Msukumo mkubwa wa kushuka hadi daraja la 20 umetokana na sheria za Marekani za matumizi ya mafuta, kwa kuwa oili nyepesi hupunguza msuguano na hivyo kuokoa petroli kidogo kwa kila gari.

Namba zenyewe zinasaidia kutuliza hofu. Kwa SAE J300, kiwango kinachopanga madaraja ya oili, oili ya daraja la 20 ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi huwa na mnato wa 6.9 hadi chini ya 9.3, daraja la 30 huanzia 9.3 hadi chini ya 12.5, na daraja la 40 huanzia 12.5. Katika kipimo cha joto kali na mkwaruzo mkubwa, ambacho ndicho kinachogusa beringi, kiwango cha chini ni 2.6 kwa daraja la 20, 2.9 kwa daraja la 30, na 3.5 kwa 0W-40 au 5W-40. Kutoka 20 kwenda 30 ni hatua ndogo. Isitoshe, 0W-20 hiyohiyo asubuhi ya baridi huwa nzito kuliko oili ya 40 iliyokwisha kupata moto, na kompyuta huisubiri ipate joto kabla ya kuanza kuzima silinda.

Ninachokikataa kabisa ni 15W-40 na 20W-50, ambazo wengi wetu tumezizoea kutoka nyumbani na tunaziamini. Oili ya 20W hupimwa uwezo wake wa kuzungushwa na stata kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Mwezi Februari 2021 hapa Dallas palifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Injini ikiwashwa katika baridi hiyo, tapeti zilizo juu ndizo zinazosubiri oili, na vijiroli vyake hukwaruzana na kemshafti pakavu.

Tangu Aprili 2025 watu wamekuwa wakinitajia mwito wa General Motors wa kurudisha magari yenye injini ya lita 6.2 ya miaka ya 2021 hadi 2024, karibu 600,000 hapa Marekani. Injini zilizokaguliwa na kuonekana nzima ziliwekewa 0W-40 badala ya 0W-20, pamoja na filta na kifuniko kipya. Nauheshimu ushahidi huo, lakini tatizo lililotajwa lilikuwa la krankishafti na mikono ya pistoni, wala halikuwa la tapeti. Unaonyesha kwamba mfumo wa kuzima silinda unaweza kuishi na daraja la 40 katika injini hiyo. Haukupi ruhusa ya kuimwaga oili hiyo kwenye injini yako ya lita 5.3.

Ni lini basi nashauri kupanda? Kama injini yako imeandikiwa 0W-20, unavuta trela zito katika joto la Julai, na waranti imekwisha, basi 5W-30 yenye nembo ya dexos1, ambayo General Motors huipa oili inayoikubali, ni chaguo ninaloliamini, na ndilo ninalotumia. Kama waranti bado ipo, baki na kitabu na utunze risiti. Sheria ya Marekani ya waranti ya mwaka 1975 inakulinda usilazimishwe kununua chapa fulani ya oili, lakini uzito usioruhusiwa unampa muuzaji hoja ya kukunyima fidia. Kwa Hemi ya lita 5.7 nabaki na 5W-20, kwa sababu agizo lake halina utata.

Linaloniumiza zaidi ni kuona mtu akibishana juu ya 20 na 30 huku dipstiki yake ni kavu. Injini za 5.3 za kizazi cha 2007 zinajulikana kwa kula oili: valvu ya kupunguza presha ya mfumo huu hurusha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni zinaganda, na baadaye kiwanda kikaleta kizuizi cha kuikinga. Injini hiyo hubeba takriban lita 5.7 tu, na ikipungukiwa lita mbili, pampu huanza kuvuta hewa pamoja na oili. Hewa hubonyea, kwa hiyo pini haisogei kwa wakati wake. Pima oili kila unapojaza tangi mara mbili, na uibadilishe kila maili 5,000, hata kama dashibodi inasema bado ina uhai.

Ukisikia mlio wa tik-tik usioisha hata baada ya injini kupata moto, au injini ikaanza kumisi na kompyuta ikatoa msimbo wa kumisi kwa silinda hizo, yaani P0301, P0304, P0306 au P0307, oili nzito haitaiponya tapeti iliyokwisha kuharibika. Usikubali pia kubadilishiwa pampu ya oili kwa sababu tu geji inaonyesha presha ndogo. Katika injini za 2007 hadi 2013, fungua sensa ya presha iliyo nyuma ya injini, juu, chini ya manifoldi. Ndani ya tundu lake kuna kichujio kidogo cha wavu, kipana kama kitufe cha shati, ambacho mara nyingi hukutwa kimezibwa na masizi meusi. Kibadilishe, ni cha bei ndogo, kisha mwambie fundi apime presha kwa geji ya mkono, injini ikiwa ya moto na ikinguruma bila kukanyagwa, kabla hujatoa hela ya kitu kingine chochote.