Mwanangu, kuhusu hiyo akiba yako

Mwanangu, marahaba, huku Magomeni wote wazima, shangazi yako na goti lake vilevile. Umeniuliza akiba ya uzeeni uweke kwa dola au kwa shilingi. Mi nakwambia angalia kwanza nani atakulipa, maana haya mambo nimeyachapa kwa mikono yangu nikiwa taipisti.

Novemba 1967 Waingereza walishusha paundi yao, toka dola 2.80 mpaka 2.40, sisi shilingi yetu hatukuigusa, basi paundi ya shilingi 20 ikawa 17 na senti 14. Na kule kwao kulikuwa na wazee waliokuwa mabwana shauri na mabwana shamba enzi za mkoloni, pensheni zao zilikuwa zinatoka kwetu. Hapo ndo ubishi. Mwenye shilingi 20,000 kwa mwaka tumhesabie paundi 1,000 kama zamani, au kama 1,167? Ukishika shilingi yeye ananenepa bure, ukishika paundi sisi tunabakiwa na shilingi 2,860 kwa mtu mmoja tu.

Nachapa barua hizo na kaboni mbili chini, nikifika kwenye namba moyo unaniuma, maana babu yako alikuwa tarishi bomani, kabeba mafaili ya hao hao mpaka mgongo ukapinda, wakampa kiinua mgongo mara moja kwenye bahasha ya kaki, basi. Yeye nani alimpigia hesabu ya senti 14?

Nasema siku zote, pensheni ni jasho la mtu. Haya, na bwana shamba yule aliyekaa na kina babu kwenye kahawa hakutoka jasho? Alitoka, siwezi kumnyima. Na kwenye makaratasi mwajiri wake ni Tanganyika, hilo nalo kweli. Lakini aliyemleta ni London, sisi hatukumwita, basi London imlipe! Mwalimu 1968 akasema hivyohivyo, utumishi wa kabla ya Uhuru hatulipii tena, Uingereza ikakata misaada, tukakaza. Mwaka 1973 Waingereza wakatunga sheria ya kuzibeba pensheni hizo wenyewe, nilifurahi jamani, mpaka leo nafurahi.

Sasa dola au shilingi, mdomo unaniwasha lakini sikuamulii, pesa ni yako. Nitumie tu picha ya huo mkataba wa akiba, nione kiwango cha kubadilishia dola wameandika cha siku gani, ya kuweka au ya kulipwa, na nani kasaini.

Mama yako