Jibu: Nina data za mwani, nipime vipi? (USIMLIPE HUYO JAMAA KWANZA)

Mkuu, simama hapo hapo. Sijasoma hata majibu ya wenzangu. Umesema una madodoso ya wakulima wa mwani wa Mlingotini, mambo 20 ya kulinganisha na mavuno, unauliza utumie kipimo kipi cha takwimu, jaribio la t au kai-skwea, sampuli inatosha au haitoshi, na sura ya nne uiandikeje. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, ukachomekea kwamba jamaa wa steshenari atapima yote, wewe uchukue yenye nyota, ile alama ya kwamba tofauti "imeonekana" kitakwimu. Hapo ndipo uliponinyanyua kitini.

Wa kwangu nilimpata Tanga mjini. Kiti cha plastiki, programu ya takwimu ya SPSS ya kunakili, mdomo mtamu: "Niachie mimi, kesho njoo na hela iliyobaki." Kesho yake majedwali tele na nyota moja inang'aa: wanaotumia kamba za bluu huvuna zaidi, p = 0.03 (hiyo p nitaieleza chini). Nikaitungia na sababu, eti samaki wanaokula mwani wanaikimbia rangi. Sababu haikosekani ukishaitafuta.

Ningeishia kwenye tasnifu ingekuwa nafuu. Nilimfuata shangazi yangu Mkinga, nikamsomea jedwali kama mtu anayesoma hati ya urithi, na kikundi chake cha akina mama kikachomoa hela ya mfuko kikanunua kamba za bluu shamba zima. Mavuno yakawa yale yale. Mpaka leo kwenye shughuli za ukoo naitwa Profesa Kamba. Nacheka nao, nifanyeje?

Chuoni nako mtahini aliuliza swali moja: "Ulipima vitu vingapi mpaka ukaipata hii?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa: ishirini! Nikarudishwa kuandika upya, na ada ya muhula mwingine juu yake. Jamaa wa steshenari simu yake ikawa haipatikani.

Sasa elewa kwa nini. Unaanza na dhana sifuri: rangi ya kamba haibadilishi mavuno. Thamani ya p inakwambia, kama dhana hiyo ni kweli, kuna uwezekano gani wa bahati tupu kukuletea tofauti kubwa kama uliyoiona au kuizidi. HAIKWAMBII uwezekano wa dhana yenyewe kuwa kweli. Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016, na hilo limo. Ukiweka mpaka wa 0.05, yaani p ikiwa chini ya hapo unaipa nyota, umekubali kudanganywa mara 1 kati ya 20 pale ambapo hakuna kitu. Pima vitu 20 visivyo na lolote, visivyotegemeana, na uwezekano wa kupata angalau nyota moja ya uongo ni asilimia 64. Yaani jamaa hahitaji ujuzi, anahitaji umeme tu. Ukilazimika kupima vyote 20, gawanya mpaka kwa 20 kama njia ya Bonferroni inavyotaka: 0.0025. Hiyo 0.03 yangu isingefika hata mlangoni.

Mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher, katika kitabu chake cha 1935, ameeleza jaribio la mama aliyedai akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni. Vikombe 8, vinne maziwa kwanza na vinne chai kwanza, vimechanganywa. Kuna njia 70 za kuchagua vinne, kwa hiyo kupatia vyote kwa kubahatisha ni 1 kati ya 70. Akikosea kimoja tu kati ya vinne anavyochagua, uwezekano wa bahati kufika hapo au zaidi unapanda mpaka karibu robo, hapo huna ushahidi. Yote hayo yalipangwa KABLA mtu hajaonja.

Kai-skwea ni ya makundi kwa makundi, jaribio la t ni la wastani wa makundi mawili, hilo utalisoma popote. Wewe usiku huu, kabla hujamkabidhi mtu flashi, andika swali lako kuu moja, dhana sifuri yake, kipimo utakachotumia na mpaka wako. Mtumie msimamizi wako kwa barua pepe, tarehe ibaki. Yale 19 mengine yaandike kama ya kudokeza tu, useme wazi kwamba uliyapima, na mama yeyote wa Mlingotini asinunue hata uzi kwa sababu yake.