Insulini iliuzwa dola moja, mbona kwetu bei juu?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mdogo wangu ana kisukari, anachoma insulini kila siku. Juzi kijiweni jamaa mmoja katuambia eti waliogundua hiyo dawa waliiuza dola moja, tukamcheka sana. Ni kweli? Na kama ni kweli mbona duka la dawa tunatoka tumenuna?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mwombeni radhi huyo jamaa, kasema kweli, tena ilikuwa dola moja kwa kila mmoja na walikuwa watatu.

Ni Toronto, Kanada, 1921, daktari kijana Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best wanahangaika na kongosho za mbwa, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, baadaye akaja mkemia James Collip akaisafisha dawa. Januari 1922 wakamchoma dogo wa miaka 14, Leonard Thompson, kabaki mifupa mitupu, maana enzi hizo tiba ya kisukari ilikuwa kunyimwa chakula, yaani unashinda njaa ili usogeze siku tu. Sindano ya kwanza ikamwachia jipu, ila ile aliyoisafisha Collip ikashusha sukari na dogo akaishi miaka 13 zaidi.

Hapo hela ilikuwa nje nje. Banting mwanzoni hata jina lake hakutaka liwekwe kwenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, aliona daktari hafanyi biashara ya namna hiyo. Sasa utauliza kwa nini wasiiache bure tu bila hataza? Wangeiacha hivyo, mjanja mmoja angeisajili yeye halafu awazuie wengine wote, kwa hiyo wakaichukua wao na Januari 1923 wakakiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa hizo dola. Mimi hapo ndo nawavulia kofia, wema wenye akili.

Na wala hawakuwa malaika hao, Banting na Collip waliwahi kukunjana humohumo maabara! Nobel ya 1923 wakapewa Banting na bosi wa maabara, Macleod, Banting akawaka kwa nini Best kaachwa, akamgawia nusu ya hela zake, Macleod naye akamgawia Collip.

Bei sasa. Hataza ile ilikuwa ya insulini ya wakati ule, ya kongosho za ng'ombe na nguruwe. Zilizokuja baadaye zilipewa hataza zake na wenye nazo hawakuuza kwa dola, na soko kubwa la dunia limeshikwa na kampuni tatu, Eli Lilly, Sanofi na Novo Nordisk, na hiyo ya mwisho chimbuko lake ni Mdenmark August Krogh, aliyekwenda Toronto 1922 akapewa ruhusa ya kuitengeneza kwao kwa sababu mkewe alikuwa na kisukari. Ndo hivyo.

Mdogo wako akienda kliniki amuulize daktari kama insulini za aina ya zamani zinamfaa, mara nyingi ni nafuu kuliko hizi mpya, ila asibadilishe mwenyewe, dozi zake hazifanani.